Jinsi ya Kuweka Bembea Kwenye Baa Yako ya Nyama Choma

Ndugu mwenye baa, hongera. Umeshang'amua kwamba baba akipata pa kuwaacha watoto, bia moja huzaa tano na nusu kilo ya mbuzi hugeuka kilo mbili. Kilichobaki ni bembea.

Anza na rangi. Nyekundu, njano, bluu, na ukutani panya wa katuni mwenye jicho moja kubwa kuliko jingine. Mzazi hutazama rangi. Sijamwona aliyeinama kutazama chini. Kwa hiyo chini mwaga zege. Zege halioti majani, halipeperuki, na kijana wa usafi analimaliza kwa ufagio mmoja.

Watakuja wajuaji na habari za ughaibuni. Huko, watakwambia, wataalamu huchukua kichwa bandia chenye kipimo ndani, wakakidondosha kutoka kimo cha mchezo wenyewe, wakapiga hesabu ya kishindo. Hesabu ikivuka 1,000, sakafu imefeli. Watu wazima, wenye mshahara, kazi yao kudondosha kichwa! Sisi vichwa tunavyo. Vinakuja vyenyewe kila Jumapili, tena vimenyolewa vizuri.

Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo wa viwanja hivi mwaka 1981, na imekuwa ikiurudia tangu hapo. Hata nyasi na udongo mtupu haivikubali, maana vikishakanyagwa sana vinakuwa vigumu kama tofali. Inataka mchanga wa kina cha sentimita 23, na huo ni kwa mtoto wa kuanguka kutoka mita 1.2 tu; akipanda kama mita 3, basi vipande vya mbao, kina kilekile. Vipande vya mbao! Hapo nilicheka, kwa sababu nyuma ya jiko lako kuna banda la kuku, na humo maranda yamemwagwa hadi mlangoni. Kuku hao hawapandi ngazi, hawajawahi kuanguka kutoka popote, lakini chini yao ni laini kama godoro. Usiyaguse. Kuku ana bei.

Bembea usiihurumie nafasi. Wenzetu wanasema fremu moja ibebe mbili tu, na kama mnyororo umening'inia kwenye mita 2.5, uache mita 5 mbele na mita 5 nyuma bila kitu. Mita 10 za bure! Hapo zinakaa meza ngapi? Wewe ning'iniza nne, za mbao nzito zenye kona, zipite usawa wa meno ya mtoto anayekimbia kufuata soda yake. Mtelezo uwe wa bati, utazame magharibi. Kufika saa tisa alasiri hakuna mtoto atakayekawia juu yake, na foleni itakwenda haraka.

Ngazi na kingo mpe fundi wa kuchomelea, yule wa madirisha. Mchoro usimpe. Nafasi kati ya nondo na nondo anaijua moja tu, ile ya kumzuia mwizi. Wajuaji watang'ang'ania iwe chini ya sentimita 9 au izidi 23, eti katikati ya hapo mwili wa mtoto hupita, kichwa kikabaki. Fundi atakupa 15, safi kabisa.

Nimeiona hiyo 15 ikifanya kazi. Mpwa wangu, miaka minne, alitanguliza miguu kwenye kingo za mtelezo wa baa moja. Miguu ikapita, tumbo likapita, halafu akaning'inia kwa taya, macho yamemtoka, sauti haitoki. Nilimdaka miguu nikamnyanyua, dada akawa anapiga mayowe, na muuza chipsi akaja mbio na mafuta, ya baridi, Mungu ni mwema, akampaka masikio yote mawili. Kichwa kikatoka. Mhudumu akatuonyesha bango ukutani, chini ya panya: WATOTO WACHEZE CHINI YA UANGALIZI WA WAZAZI. HATUTAHUSIKA NA AJALI YOYOTE.

Ndipo mwenye baa akaja mwenyewe, na hapa ujifunze kwake. Alizishika zile nondo mbili kwa mikono yake, akazitikisa, akainama kuzichungulia kwa pembeni.

"Hazijapinda," akasema, akarudi kaunta.