Si Babu Zetu Wote Waliopigana Burma

Ukihudhuria misiba ya Kampala na vitongoji vyake kwa miaka michache, ukisikiliza wasifu wa marehemu unaposomwa, utaamini kwamba Wajapani walishindwa na wazee wa Masaka na Gulu peke yao. Kila familia ina babu aliyepigana Burma. Hujasikia hata moja yenye babu aliyebaki ghalani Jinja akihesabu blanketi. Yupo marehemu anayesomewa kwamba alizaliwa 1934, na bado anapelekwa Burma, ambako vita viliisha 1945. Kwa maana hiyo Mfalme George alikuwa akimtegemea mtoto wa darasa la tano. Waombolezaji hawanyanyui mkono kuuliza, kwa sababu matoke yanapoa na mchungaji ana msiba mwingine Mukono. Lakini anayetaka kweli kufuatilia rekodi za kijeshi za babu yake, akauliza makavazi na kulipia nakala, hana budi kuanza kwa kukubali kwamba huenda babu alikuwa mpishi. Asipokubali hilo hatampata, maana anamtafuta mtu mwingine.

Hesabu yenyewe si ngumu. Vita Kuu ya Pili vilichukua watu takriban 77,000 kutoka Uganda. Batalioni za Keya (King's African Rifles, KAR) kutoka hapa zilifika Burma kweli: ile ya 4 ilikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita Bonde la Kabaw mwaka 1944, na ile ya 7 ilikuwa katika Brigedi ya 28. Batalioni, hata hivyo, haizidi sana watu elfu moja. Ongeza waliopelekwa kuziba nafasi za waliokufa na kuugua, ongeza na mizinga, bado umebaki na maelfu kwa maelfu ya watu unaopaswa kuwatafutia kazi. Na kazi zilikuwapo: kuendesha malori, kuchimba barabara, kulinda mateka, kubeba majeruhi, kupakua meli, kupika. Wengine walizifanya Kenya, Abyssinia, Madagascar na Mashariki ya Kati. Hata nishani haitusaidii. Burma Star ilitolewa kwa aliyehudumu katika eneo la vita, awe mpiga mzinga au mchemsha chai, na haikuchongwa jina la mtu. Kwa hiyo nyota iliyofungwa kitambaani ndani ya sanduku la bati inathibitisha tu kwamba kuna mtu alihudumu katika eneo hilo la vita. Kama mtu huyo ni babu yako, au ni jirani aliyeiweka rehani kwa babu yako kwa deni la waragi, nyota haisemi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uliwahi kukaa Ikulu. Idi Amin alisimulia kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba aliingia Keya mwaka 1946, vita vimekwisha, akiwa msaidizi wa mpishi. Alipokuwa rais akajitunuku nishani aliyoiita Victorious Cross, iliyofanana na Victoria Cross ya Waingereza hadi herufi zake mbili za mwanzo, akajiongezea na cheo cha Mshindi wa Dola ya Uingereza. Ikiwa mtu mwenye jeshi zima chini yake aliona jikoni hapamtoshi, tumlaumuje mzee wa Luweero aliyeongeza chumvi kidogo mbele ya wajukuu? Ila tazama pia kwamba Amin alipatikana kwa sababu kuna waliokubali kumtafuta jikoni.

Ukishakubali jikoni, linakuja suala la jina. Fomu za kutafutia mababu kwenye intaneti zimetungwa na watu ambao babu, baba na mjukuu wote huitwa Smith, nazo haziendi mbele mpaka ujaze jina la familia. Muganda hupewa jina lake mwenyewe katika majina ya ukoo wake, na ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyojuana. Andika Kato, utaletewa mapacha wadogo wote wa kiume waliowahi kuvaa kaptula ya khaki. Andika Ssalongo, utaletewa baba zao. Juu ya hayo, karani wa kuandikisha aliandika alichosikia, na Lubega angeweza kulala Lubega akaamka Rubega. Wapo pia vijana waliokuwa wakiikimbia kodi, au wakimkimbia baba mkwe, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumtajia Mwingereza jina la kweli. Ndiyo maana namba ya jeshi, ukiipata, ni bora kuliko majina yote.

Watu wawili watakukatisha tamaa. Wa kwanza atasema usihangaike, kila kitu kipo London. Kule Kew, kwenye Makavazi ya Taifa ya Uingereza, kweli zipo shajara za vita za batalioni za KAR, lakini ziliandikwa na maofisa wa Kiingereza, na humo kwa kawaida maofisa wana majina, askari wana idadi. Utasoma kwamba siku fulani walijeruhiwa askari watatu, ukajikuta unaomba mmoja wao awe babu yako, dua ambayo si ya heshima kwa mzee. Wa pili atasema rekodi zote zilichomwa na mkoloni. Yapo mafaili yaliyochomwa hapa kabla ya uhuru wa 1962, na kuna ya makoloni mbalimbali yaliyosafirishwa yakafichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi 2011. Tusimsingizie kila moshi lakini: zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa Uingereza wenyewe wa Vita Kuu ya Kwanza yaliungua London mwaka 1940 kwa mabomu ya Wajerumani, na Marekani ilipoteza mamilioni kwa moto wa St. Louis mwaka 1973. Wajukuu wa kina Smith nao wanalia.

Pingamizi zito ni la heshima. Kwa nini umshushe mzee kutoka kwenye bunduki hadi kwenye sufuria? Jibu langu ni kwamba aliyemshusha si rekodi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wachukuzi walikuwa wengi miongoni mwao, kwa kuwa wakubwa waliona mbeba mzigo si askari. Sisi tunapomvua babu mwiko na kumvika bunduki, tunakubaliana na wakubwa wale. Bonde la Kabaw wakati wa masika lilikuwa matope, malaria na kuni mbichi. Aliyeivisha chakula cha kampuni nzima hapo hana deni la ujasiri kwa mtu. Anayedai kwamba maandishi ya mkoloni hayaaminiki, nampa nusu ya hoja. Mkoloni alidanganya kuhusu mengi, lakini alikuwa bahili, na bahili hamlipi mshahara mtu wa hewa. Orodha ya malipo naiamini kuliko hotuba ya gavana, na kuliko wasifu wa msibani.

Kwa hiyo kabla ya kulipia nakala za Kew, nendeni kijijini mkawatafute mabibi wenye umri, au mabinti zao wanaokumbuka. Askari wengi walikata sehemu ya mshahara ilipwe nyumbani kupitia ofisi ya DC, na aliyekwenda kuichukua alikuwa mwanamke. Huyo hakujali kama mumewe alipiga Wajapani. Alijali fedha ilikuja mwezi gani, ilikuwa shilingi ngapi, na karani alimwita kwa jina na namba gani. Andikeni maneno yake leo, pamoja na jina lile lililokosewa, maana ndilo lililomo kwenye faili.