Jinsi ya Kufurikiwa kwa Utaratibu

Mafuriko hayana adabu. Huja usiku wa manane bila kujaza fomu, kwa hiyo utaratibu wote unabaki juu yako. Ushauri huu nimeuandika kwa ajili ya mkazi wa kandokando ya Mto Mathare, Nairobi, ingawa hata wa Mukuru hatapungukiwa akiusoma.

Maji yakiingia, okoa kitambulisho. Watoto utawaita kwa majina na godoro litaelea lenyewe, ila kitambulisho hakijui kuogelea, na bila hicho wewe hukufurikiwa, ulilowa tu. Simu nayo ifunge kwenye nailoni.

Kisha tafuta futi kamba. Mwaka 2024 amri ya serikali ilikuwa kuwahamisha walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Mto upi? Ule wa Januari unaouruka ukiwa na viatu, au ule wa Aprili uliolala kitandani kwako? Swali zuri, lakini usimuulize dereva wa tingatinga. Mabati uliyoyanusuru majini atayakunja mbele ya macho yako, na hapo utakuwa umepanda cheo: mwathiriwa wa maji, tena wa serikali. Malipo, hata hivyo, ni ya cheo kimoja.

Sasa orodha ya waathiriwa. Hapa ndipo penye kazi hasa. Siku jina la mtaa wako litakapotajwa kwa chifu utagundua kwamba ulikuwa na majirani wengi kuliko ulivyodhani. Watakuja wenye viatu vikavu. Atakuja mwenye ploti, aliyekuwa akipokea kodi za vyumba ishirini, naye ataeleza kwa uchungu kwamba katika vyote ishirini alikuwa akilala yeye. Wewe uliyepanga chumba kimoja ngoja zamu yako kwa heshima. Ukiulizwa ushahidi kwamba ulikuwa ukiishi pale, onyesha shimo kilipokuwa chumba chako. Ukiambiwa shimo si ushahidi, mlete jirani athibitishe. Naye athibitishwe na jirani mwingine, ambaye kwa bahati mbaya amekwenda kulala kwa dada yake Kayole.

Jina likiingia, jifunze hesabu. Mei ya mwaka huo wa 2024 Rais William Ruto alifika Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa, ili ipate pa kujisitiri. Toa kodi ya mwezi. Toa dipoziti. Toa mkokoteni, godoro, sufuria mbili na unga. Yunifomu usiitoe bado: shule zilichelewa kufunguliwa muhula ule kwa sababu ya mvua, ikapata muda wa kukauka. Ukiona hesabu inagoma, punguza watu. Mama mkwe, kwa mfano, alikuja kutembea tu.

Na usije ukazitaja fedha hizo fidia. Fidia hudaiwa. Hii ni zawadi, na mpewa zawadi hahesabu noti mbele ya mtoaji, hasa pakiwa na kamera.

Zikifika mkononi, usikurupuke. Zunguka ukiuliza bei za vyumba. Kilichopigwa plasta utaambiwa kimeshachukuliwa. Chenye geti utaulizwa unafanya kazi wapi. Mwishowe utapata kimoja cha mabati, safi, chenye upepo mzuri na bei unayoimudu. Muulize keateka ni kwa nini ni rahisi hivyo. Akikujibu kwamba jioni huko nyuma kuna sauti tamu ya maji yanayopita, lipa haraka. Kuna wengine wawili nyuma yako, nao wana vitambulisho.