Tondozi ya Mjuaji wa Kuku

Washairi wa Kiswahili hawakuacha kitu bila utungo. Mtu akitaka kujisifu mwenyewe ana majigambo. Akitaka kumsifu mwingine, awe mtu, mnyama au kitu kisicho na roho, ana tondozi. Wameimbiwa mashujaa, wakaimbiwa ng'ombe na majahazi. Aliyesahaulika ni mmoja, tena tunakutana naye kila siku: mjuaji wa kuku. Mimi sikujaaliwa vina wala mizani, kwa hiyo tondozi yake nitaitoa kwa nathari. Mwenye kinanda ataitilia sauti baadaye.

Mjuaji wa kuku ni yule jirani aliyewahi kufuga kuku ishirini uani kwake. Alifuga mara moja, kwa miezi minane, akala mayai, akauza majogoo wakati wa sikukuu, kisha mbao za banda akazifanya mlango wa choo. Kazi hiyo ilimtosha. Tangu hapo ni mfugaji mstaafu, na utamkuta penye kuku na pasipo kuku: kwenye benchi la kahawa, msibani wakati wa kusubiri wali, na dukani kwa dawa za mifugo, ambako hanunui kitu bali anawasaidia wanaonunua.

Ukimuuliza ana uzoefu wa muda gani, atakwambia miaka kumi na mitano. Usimwone mwongo. Anahesabu tangu kuku wake wa kwanza mpaka leo asubuhi, na ile miaka kumi na minne aliyokaa bila hata unyoya imo ndani. Uzoefu wetu sisi wengine ni kama mchicha, usipoumwagilia unanyauka. Wa kwake ni mbuyu: aliupanda mara moja akauacha, na kila mwaka unanenepa wenyewe.

Sifa yake ya kwanza ni ukarimu. Daktari wa mifugo anataka nauli, afisa mifugo anataka umfuate ofisini, ila mjuaji anakufuata wewe. Hata kama umekwenda kununua vocha, akiona pumba kwenye kiatu chako atajua una kuku na atakuhudumia papo hapo. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Methali hiyo mjuaji ameisikia na hakubaliani nayo. Akipata nafasi, huyo mwana wa kuku naye atafunzwa.

Sifa ya pili ni wepesi, na hii nina ushahidi wake. Nilinunua vifaranga sitini. Siku ya tano jioni nikawakuta wamerundikana pembeni, chini ya taa, wanalia kwa sauti kali. Nikatoka mbio, na wa kwanza kukutana naye alikuwa yeye. Nilisema, "Vifaranga wangu wamejiku…" Neno halijatoka lote, jibu limekwishafika: "Homa hiyo, mdogo wangu. Kawape ule unga wa njano kwenye maji, kesho utanishukuru."

Linganisha na mama mmoja wa mtaa wa pili, anayefuga tangu wanawe wako shule ya msingi, na sasa wajukuu ndio wanaookota mayai. Nilimpigia shikamoo, nikamweleza. Badala ya kunijibu akaanza kunihoji. Wana siku ngapi, mwanangu? Umewatoa wapi? Wamechanjwa nini, lini? Taa umeifunga juu kiasi gani? Maranda yamelowa? Upepo wa usiku unaingilia wapi? Wanakunywa? Wangapi wamekufa? Maswali manane, na nilikuwa nimekwenda kutafuta majibu! Kisha akaja mwenyewe, akachuchumaa mlangoni, akakaa kimya akiwatazama.

"Wanaona baridi," akasema mwishowe. "Wangekuwa na joto wangeikimbia taa na kuhema midomo wazi. Ukiwakuta wametawanyika banda zima, huyu anakula, yule amelala, ujue pako sawa, funga mlango uondoke."

Akaishusha taa shubiri moja, akaziba mwanya kwa gunia, akaaga. Vitabu vya ufugaji vinasema kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi joto 32 hadi 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Mama yule hana hata kipimajoto. Anawasoma vifaranga wenyewe. Lakini ona muda alioupoteza: nusu saa nzima, na dawa hata moja hakutaja. Mjuaji angekuwa amekwishaponya mabanda kumi.

Sifa ya tatu ni hesabu. Mpe kijiti na mchanga akuchoree: kuku mia, mayai mia kila siku, kwa mwezi trei mia, mwaka wa pili unanunua kiwanja. Hesabu hiyo ni safi, haina kinyesi wala harufu, kwa sababu kuku wake hali. Kuku wa mayai wa watu wengine hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, maana yake kuku mia wanamaliza gunia la kilo 50 kwa siku nne hivi. Tena wanakula tangu wakiwa vifaranga, wakati yai la kwanza linasubiri mpaka wiki ya 18 au 20. Yai moja nalo huchukua zaidi kidogo ya saa 24 kuumbika tumboni, kwa hiyo hata tetea hodari lazima kuna siku ataruka. Kuku wa mjuaji hajui kuruka siku. Anataga Jumapili, anataga Idi, anataga akinyonyoka manyoya.

Wakenya waliionja hesabu ya aina hii wakati wa homa ya kware. Mwaka 2013 mayai yale madogo yenye madoadoa yalisifiwa kuwa tiba ya karibu kila maradhi, na yai moja la kware likauzwa kwa bei iliyoliacha mbali yai la kuku. Kware kisheria alihesabiwa ndege wa porini, kwa hiyo watu wakajaa kuomba vibali kwa shirika la wanyamapori, KWS. Kumbe wanunuzi wakubwa wa mayai na vifaranga walikuwa wafugaji wapya, na mwaka 2014 wafugaji wapya walipopungua, bei ikaporomoka, watu wakabaki na vizimba vilivyojaa ndege wasio na mteja. Washauri wa msimu ule hawakudanganya. Kware wao walikuwa wametaga kweli, na fedha walikuwa wamezishika kweli. Uzoefu wao ulikuwa wa miezi ya kupanda tu. Ule wa kushuka walikuja kuupata pamoja na waliowashauri.

Sifa ya nne ni utabibu. Daktari anasoma miaka mitano ajue kutofautisha ugonjwa na ugonjwa. Mjuaji ameondoa usumbufu huo kwa kuwa na dawa moja. Kuku akihara, unga wa njano. Akikohoa, unga wa njano. Akipinda shingo, unga wa njano, na pilipili kichaa iongezwe. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unasababishwa na virusi, na antibayotiki, kama huo unga wa njano, haiui virusi. Hauna tiba, una kinga tu. Ipo chanjo ya I-2, iliyoendelezwa Australia, inayovumilia joto kuliko nyingine na hivyo kufaa vijijini kusiko na friji: tone moja jichoni, ukarudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Tone la jichoni! Mjuaji anacheka. Yeye kuku wake wale ishirini hakuwachanja na hawakufa. Kwamba miezi ile minane mdondo haukupita mtaani kwao, hilo ni jambo la mdondo, yeye halimhusu.

Kwa maji nako ni mwepesi vilevile. Mama wa mtaa wa pili, akitoa chanjo ya kunywesha, hatumii maji yaliyotoka bombani muda huohuo, kwa sababu chanjo hiyo ni hai na klorini huiua. Atayalaza kwenye ndoo wazi au atayatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kwa mjuaji, maji ni maji. Ukimtajia siku za kusubiri, zile ambazo mayai ya kuku waliopewa dawa hayafai kuliwa, atakuuliza nani aliyekufa kwa kula yai. Na ukimtajia usugu wa dawa, yaani vimelea kuizoea dawa mpaka isifanye kazi tena, hata kwa binadamu, atakwambia tatizo ni kipimo, ongeza kijiko.

Sifa ya tano ndiyo kubwa: hana makaburi. Kuku wake hawakufa, na kama walikufa hawakumbuki. Hapa mjuaji anasaidiwa na maumbile ya dunia. Aliyefuga mia wakafa tisini haji kwenye benchi la kahawa kutoa mawaidha. Ameuza vyombo vya maji kwa bei ya hasara, amenyamaza, na ukimpitia anazungumzia mpira. Kwa hiyo barazani wanabaki wale ambao mambo yaliwanyookea, nasi tukiwasikiliza tunadhani ndivyo mambo yalivyo. Kuku waliokufa hawana msemaji.

Mama yule, maskini, anayo makaburi mengi. Ana daftari la shule, kurasa zimeingia mafuta ya taa, na ndani yake ni vifo: tarehe, idadi, umri, wamekufa usiku au mchana, chakula kilikuwa cha wapi. Ukurasa mmoja umeandikwa "mahindi ya ukungu", maana mwaka fulani alinunua mahindi ya bei rahisi akawasagia, na sumukuvu ikamfundisha. Wakati mwingine unamweleza dalili, anakutazama, anasema, "Hapa sijui. Mbebe mmoja aliyekufa sasa hivi, mpeleke akapasuliwe." Hebu fikiria, umetoka kwako kutafuta mtaalamu, mtaalamu anakwambia hajui! Mjuaji hajawahi kukuaibisha hivyo.

Ningeimalizia tondozi hapa, ila haki inanidai ubeti mmoja zaidi.

Siku moja nilikuwa napigilia wavu kwenye banda, mjuaji amesimama nyuma yangu akinielekeza kama kawaida. Alipofika usawa wa sakafu, sauti yake ikashuka. Akainama, akaweka vidole viwili kwenye uwazi chini ya mlango. "Hapa," akasema. "Kwangu palikuwa hivi hivi. Nilisema panya hata akipita si neno. Akaingia kicheche." Akanyamaza. Kisha akaendelea polepole, bila kunitazama: ilikuwa karibu na alfajiri, alisikia kelele mara moja tu, akadhani ni jogoo. Alipofungua mlango walikuwa sita, wamelala kila mmoja mahali pake, na damu kidogo sana. Akaniambia nichimbe mtaro wa kina cha mkono mpaka kiwiko, niushushe wavu humo, nijaze mawe, na wavu uwe ule wa matundu madogo, kwa sababu huu wa matundu makubwa unamzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche kuingia. Akaniuliza, "Mbwa unaye? Kwa jirani kuna kichaka?" Nilishtuka. Miaka yote hiyo, yalikuwa maswali ya kwanza kunitolea.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda hiki mjuaji alikuwa amekilalia, usiku mmoja. Kwa mdondo, kwa chanjo, kwa hesabu za trei, anasema ya kusikia. Kwa tundu la vidole viwili alikuwa bingwa, na nadhani mwenyewe hajui kwamba hapo ndipo ubingwa wake ulipo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usimfukuze. Mtaa usio na mjuaji wa kuku ni mtaa usio na wa kuanza kufuga, kwani nani angenunua vifaranga baada ya kusoma lile daftari? Mpe kahawa, msikilize. Ila usimuulize amefuga miaka mingapi, wala alikuwa na kuku wangapi. Muulize walikufa wangapi, na kwa nini. Akicheka, maliza kahawa yako uende kwa daktari wa mifugo. Akinyamaza kidogo, sogeza kiti.

Mimi mtaro niliuchimba. Kicheche hajaingia.