Nusu Lita Kila Asubuhi

Alhamisi moja jioni jirani yangu alinibishia hodi akiwa amebeba kanzu nyeupe juu ya mikono miwili, kama mtu aliyeleta mtoto mgonjwa. Akaniambia niinuse. Nikainusa. Ilinuka gereji. "Hii ndiyo niliyokuwa niivae kesho msikitini," akasema, kisha akatupa jicho nyuma yangu, pale lilipoegeshwa gari, akaenda zake bila ya kuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya 1984, Pijo kama tunavyoiita sote, katika zile zilizounganishwa hapa hapa Mombasa. Niliachiwa na marehemu baba. Mwenye Pijo hakai nawe dakika tano bila ya kukwambia kuwa gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hulisema hilo kwa sauti ya mtu aliyekuwa usukani. Mimi pia husema hivyo. Ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili, yenye injini ya V6, na udugu wake na langu ni wa mbali sana, lakini hilo huwa silitaji.

Basi gari likaanza mambo mawili kwa pamoja. Asubuhi nikiliwasha linatoa wingu, na nikikanyaga mafuta linaongeza jingine. Na kwenye dashibodi taa nyekundu ya oili, ambayo miaka yote hujizimia injini inapowaka, ikaanza kunikonyeza nikisimama foleni ya feri. Mwanzo ilikonyeza tu. Baadaye ikawa inanikodolea macho.

Taa ile si ya kufanyiwa mzaha. Haingoji oili ipungue kidogo ndipo ikwambie. Huwaka presha ikishakaribia kufa. Oili isiposukumwa ikafika kwenye beringi za kransha, chuma husaga chuma, na injini ikanoki. Yote hayo nilikuwa nikiyajua. Nikachukua plasta ya kidonda nikaibandika juu ya taa, nikapata amani ya siku mbili.

Siku ya tatu nililipeleka gari mbele ya barza yetu. Watu wa barza wana kanuni yao ya moshi, na ni kanuni ya kweli: moshi mweusi, petroli imezidi, tazama kabureta na eya klina, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, maji yanaingia silinda, gasketi ya hedi imekwenda, moshi wa buluu, injini inachoma oili. Kesi ikawa kwenye rangi. Nilipiga resi, wingu likapita, na wazee wakatofautiana. Mmoja akasema samawati. Wa pili akasema rangi ya majivu. Wa tatu, aliyewahi kuwa baharia, akasema ni rangi ya bahari ya nje ya mwamba mvua ikikaribia, akataka kutueleza ni mvua ya mwezi gani. Muuza kahawa akasema moshi ni mweupe, ila mimi nimeegesha mbele ya ukuta wa buluu. Nikalihamisha gari mpaka kwenye ukuta wa jirani, ambao ni mweupe pepe. Hapo moshi ukawa buluu bila ubishi, na jirani akatoka mbio kuanua nguo.

Kumbe linachoma oili. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Ringi," akasema. Akanishauri nitie oili nzito pamoja na kopo la dawa, nijikokote hivyo hivyo mpaka nipate pesa za kushusha injini.

Fundi wa pili ni mtu wa vipimo, na nilimheshimu kwa hilo. Alitoa plagi akapima kompresheni, silinda zote nne zikasoma karibu sawa, kama ndugu wa tumbo moja. Akaitazama geji yake, akaigonga kwa kucha, akapima tena. Yale yale. "Ringi," akasema, kwa huzuni kidogo. Kisha akaifungua swichi ya presha ya oili na kufunga geji mahali pake. Mshale ukapanda, ukashuka, ukatetemeka kama mkono wa bwana arusi mbele ya kadhi. "Na beringi." Alipofungua eya klina akakuta chini mna dimbwi la oili, akanionyesha kwa kidole kama askari aliyekuta bangi. Hesabu ikaja kwenye karatasi ya sigara: ringi, silivu, beringi, pampu ya oili, gasketi zote. Shilingi 85,000, ufundi mbali.

Wakati wote huo mimi nilikuwa nikitimiza wajibu wangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nachomoa dipstiki, naipangusa, nairudisha, naichomoa tena. Kila asubuhi oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Kila asubuhi nilitia nusu lita. Moshi unatoka, dipstiki inaonyesha upungufu. Kadhi gani angetaka shahidi wa tatu? Na dipstiki hiyo nilikuwa nikijivunia. Ile ya zamani ilipotea Ramadhani, na sikuwa na shaka kwamba walioipoteza ni vijana wa gereji, maana wao ndio hupoteza kila kitu. Nikaenda kwenye rundo la vyuma chakavu nikapata nyingine kwa shilingi 150. Niliijaribu kwa kuichomeka. Ikaingia. Nikaona nimeokota dodo.

Mambo yaliiva siku ya arusi. Nilikuwa namvusha Ami kwenda kisiwani. Ami, mdogo wake baba, aliendesha Pijo za abiria baina ya Mombasa na Malindi kwa miaka mingi, zile ndefu zenye safu tatu za viti, na siku hiyo alikuwa amevaa koti lake la arusi. Ndani ya feri nilizima injini kama kila mtu. Tulipokaribia ng'ambo nikawasha.

Nimeshaona moshi wa jiko la makuti likimwagiwa maji. Huu ulikuwa zaidi. Uliwafunika watembea kwa miguu, ukapanda ngazi, ukawafikia walio juu. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani yake: "Jamani, feri inaungua!" Zikafuata mbio za viatu, na kuku mmoja ambaye mpaka leo sijui alikuwa wa nani. Mimi nikatazama mbele kama niliyekuwa nikiendesha gari jingine. Tukapanda ule mlima wa kutokea tukiacha nyuma yetu usiku mdogo.

"Egesha," akasema Ami. Tulipofika pahali tambarare akasema, "Zima." Kisha akatoa chungwa mfukoni, akaliambua taratibu, akalila lote. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akingoja oili iteremke chini.

Injini ya 504 haikusimama wima. Imelazwa upande, nyuzi 45, kama mzee aliyejiegemeza kwenye mto barzani. Ami aliinama juu yake, akachomoa dipstiki, na wala hakuitazama oili. Aliitazama dipstiki yenyewe, akaipima kwa shubiri.

"Mwanangu, hii ni ya nini?"

"Ya oili, Ami."

"Ya oili ya nani?"

Nikanyamaza.

"Hii ni ya matatu ya Nissan, au ya mashua, Mungu ndiye ajuaye. Ya Pijo huenda mpaka chini. Hii inaishia njiani." Akaniuliza natia oili kiasi gani. Nikamwambia nusu lita, kila asubuhi. Akaifunga boneti polepole kwa mikono miwili, kama mtu afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa. Arusini tulikwenda kwa tuktuk.

Usiku ule nilifungua nati ya chini. Injini hii hupokea lita 4. Karai ikajaa. Nikaita mtoto alete ndoo, na ndoo nayo ikapata haki yake. Nilipoipima kwa chupa, ilitimia lita 6 na nusu.

Ami, ameketi juu ya debe na koti lake la arusi, akanieleza. Oili ikizidi, kransha huizamia kila inapozunguka, ikaichapa kama mtu apigaye mayai ya keki. Hugeuka povu. Pampu huvuta povu, na povu halina presha, ndiyo taa ile inawaka na mshale unatetemeka. Mvuke wake hupanda kwa mpira wa kupumulia, ukaingia eya klina, ukashuka kabureta, ukachomwa. Ringi hazina kosa. Gari lilikuwa likichoma nilichozidisha, nami nikizidisha lilichochoma, na tungeweza kuishi hivyo kwa raha mpaka mmoja wetu afe.

Nilitia lita 4 mpya. Likafuka siku mbili zaidi, oili iliyoganda kwenye bomba ikiishia, kisha likanyamaza. Nikabandua plasta. Taa ikawaka, ikazima, ikabaki imezima.

Sasa nikawa na nafasi ya hasira. Kwenye chakula cha usiku nilitoa hotuba. Nikasema kesho asubuhi nakwenda gereji, na yule kijana aliyepoteza dipstiki yangu atanieleza, na oili yote niliyotia nitampelekea risiti yake, na kanzu ya jirani pia imo kwenye hesabu. Mke wangu aliniacha nimalize. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya tangi la maji, akarudi na chuma chembamba kirefu kilichopinda ncha.

"Si hii uliyozibulia karo la jikoni Ramadhani, tukingoja adhana? Nikakwambia irudishe ilikotoka."

Ilikuwa bado ina uji wa futari uliokauka. Niliinyoosha, nikaiosha, nikatoka nayo kimya kimya kwa tochi. Oili ilisimama pale pale kwenye alama ya juu.

Ile fupi sikuitupa. Nimeiweka kwa ajili ya karo. Wiki iliyopita liliziba tena, nikaichomeka.

Haifiki.