Farasi wa Kumi na Tatu

Bajaj Boxer 150, ile ile inayobeba abiria, magunia ya mkaa na siku nyingine mbuzi, hutoka kiwandani na nguvu za farasi 12 injini ikizunguka mara 7,500 kwa dakika. Farasi hao 12 wanasomesha watoto wengi Dar es Salaam. Lakini kwa mtu aliyeonja mbio za ridhaa, zile za Jumapili ambazo zawadi yake kubwa ni kikombe cha plastiki na kelele za washikaji, 12 hawatoshi. Anamtaka wa 13. Na farasi wa 13 hula kuliko wenzake wote.

Njia ya kwanza ya kumtafuta ni kutanua silinda. Pistoni ya Boxer ina kipenyo cha milimita 56 na husafiri milimita 58.8, kwa hiyo ujazo wake halisi ni sentimita za ujazo 144.8. Fundi wangu wa Gerezani, Dar es Salaam, alishauri tuchonge bloku hadi milimita 57, tufunge pistoni ya ovasaizi na ringi zake. Milimita nzima! Aliitamka kwa unyenyekevu wa mtu anayetangaza mahari. Bloku ikaenda kwa mwenye mashine ya kuchonga, mimi nikaenda kwenye duka la spea, ambako muuzaji aliapa kwamba pistoni ile ni orijino kutoka Japani. Nilipomkumbusha kuwa pikipiki yenyewe ni ya India, akasema, "Ndiyo maana ni orijino sana, bosi."

Usiku nikakaa na kalamu. Kipenyo cha 57, mwendo ule ule wa 58.8: sentimita za ujazo 150. Tumeongeza tano na ushee. Mke wangu, ambaye ni nesi, alichungulia karatasi akauliza hiyo tano ni kiasi gani.

"Mililita tano," nikamjibu.

"Kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi," akasema. "Hela ya ada ya mtoto imenunua kijiko kimoja cha hewa."

Hakukosea. Ni ongezeko la asilimia tatu na nusu hivi, yaani chini ya nusu farasi. Tulikuwa tumempata kichwa, shingo na labda miguu ya mbele.

Njia ya pili ni kupara hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Ukiipunguza unene kidogo, nafasi inayobaki juu ya pistoni inakuwa finyu, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa zaidi kabla ya kulipuka, na mlipuko unasukuma kwa nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba valvu nazo zinaishi humo humo. Ukipara kupita kiasi, pistoni inapanda, valvu inashuka, wanakutana njiani, na hakuna anayempisha mwenzake. Ili kupima nafasi iliyobaki, mafundi huweka kipande cha udongo laini juu ya pistoni, wanafunga hedi, wanazungusha injini polepole kwa mkono, wanafungua na kupima unene wa udongo pale valvu ilipogandamiza. Udongo huo hatukuwa nao. Mama lishe wa jirani na gereji alikuwa anakanda unga wa chapati.

"Mama, tusaidie donge dogo," fundi akamwomba.

"La kula hapa au la kufungasha?"

"La kufungia injini."

Alitupa, akatulipisha bei ya chapati kamili, tena ya kumimina mafuta. Kipimo kikasoma milimita moja na nusu, tukamshukuru Mungu. Kilichobaki kilikuwa kukwangua unga uliogandia kwenye valvu, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko kuipara hedi yenyewe, huku wateja wa mama lishe wakiuliza kama chapati za kwenye injini zina nyama ya kusaga.

Njia ya tatu ni ekzosi. Vijana wa vijiweni wanaamini kwamba kelele ndiyo nguvu, ukikata sailensa umepata farasi wa bure. Lakini bomba lile lina kazi yake. Moshi ukitoka kwa kishindo hupeleka wimbi la mgandamizo hadi mwisho wa bomba, nalo wimbi hurudi. Urefu wa bomba ukipatana na mzunguko wa injini, wimbi linarudi wakati wa kusaidia kuvuta moshi uliobaki ndani ya silinda. Usipopatana, linarudi wakati wa kuharibu. Hivyo tukawa tunabadilisha urefu wa bomba, tunawasha, tunasikiliza, tunazima, tunakata tena. Jioni ya pili mjumbe wa mtaa wetu alifika uani kwangu na daftari lake.

"Shikamoo, mjumbe."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wa mke wangu wameacha kutaga."

Nikamweleza habari za wimbi linalokwenda na kurudi. Alinisikiliza kwa subira yote ya mtu mzima, akafunga daftari. "Nimeelewa," akasema. "Mimi nakwenda. Nikiisikia tena hiyo pikipiki, nitarudi, na sitarudi peke yangu."

Nisionekane kichaa peke yangu, nitamtaja Burt Munro wa Invercargill, New Zealand. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian Scout isiyofika kilomita 90 kwa saa. Akaitengeneza miaka zaidi ya arobaini, pistoni akizimimina mwenyewe, na mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliikimbiza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, kwa zaidi ya kilomita 295 kwa saa na kuweka rekodi ya pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 1,000. Vyuma vilivyomfia njiani alivipanga kwenye rafu nyumbani, akaandika kwamba ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi. Rafu yangu nimeianzisha juu ya kabati la vyombo. Mke wangu naye amependekeza maandishi, ila hayafai gazetini.

Mbio zenyewe zilikuwa kwenye kiwanja cha vumbi nje ya Arusha. Boxer ilipanda lori, mimi nikapanda basi, na tulipokutana haikunitambua. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Kabureta tuliyoipangia hewa ya pwani iliendelea kumwaga petroli ile ile kwa hewa iliyopungua. Piga hesabu: asilimia 15 ya farasi 12 ni karibu farasi wawili. Nilikuwa nimetafuta mmoja kwa jasho lote lile, na wawili wakagoma kupanda mlima.

Kijana mmoja wa hapo alitazama plagi iliyojaa masizi, akacheka. Akachuna waya wa chaja mbovu, akatoa uzi mmoja mwembamba wa shaba, akauchomeka kwenye tundu la jeti ya kabureta ili petroli ipite kidogo. Injini ikawaka, ikatulia. Hakutaka hata soda.

Kisha bendera ikashushwa. Nguvu ya kuongeza ina tabia moja: ikiingia kwenye pikipiki, inapita kukagua kila kitu na kuvunja kilicho dhaifu. Yangu ilianzia kwenye klachi. Injini ilikuwa ikinguruma kwa fahari, tairi la nyuma halina habari. Niliyemwona akinipita kwenye kona alikuwa dereva wa bodaboda mwenye Boxer ambayo haijawahi kufunguliwa hedi. Kibebeo cha mizigo kilikuwa bado nyuma, na kibao kimeandikwa "Wivu Hauna Ajira". Alikuwa na matairi mapya, breki zinazoshika na mwili wa mtu anayekula mara moja kwa siku. Ndiye aliyeondoka na kikombe.

Hesabu ya mwisho niliipiga ndani ya basi la kurudi. Mimi na pikipiki yangu tukipanda mzani pamoja hatuko mbali na kilo 215. Nikipunguza kilo 10, nimepunguza mzigo kwa karibu asilimia tano, na ile milimita ya silinda ilinipa tatu na nusu. Kwa hiyo, ndugu msomaji unayepanga kuifungua injini yako kwa ajili ya mbio, fuata utaratibu huu: anza na breki, fuata matairi, halafu punguza tumbo. Ukimaliza hayo matatu na hela bado ipo, ndipo umwite fundi.