Sifa za Koki Iliyovuja

Kila mwenye sifa ana wa kumsifia. Mheshimiwa ana kwaya ya kumpokea, bibi harusi ana mashangazi, na ng'ombe wa maziwa wa Rungwe ana mwenyewe anayemtaja kwa lita kila asubuhi. Koki ya uani, katika nyumba yetu ya kupanga hapa Tukuyu, haikuwa na mtu. Maisha yake yote ilitajwa kwa kusonywa. Sasa imeng'olewa, baada ya mwenye nyumba kutaka leseni ya kugeuza vyumba vya mbele kuwa gesti na bwana afya kuja kukagua. Kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, na mimi niliishi nayo ukuta kwa ukuta, nimejipa kazi ya kuisifu.

Nianze na nasaba. Koki ile haikuwa ya ukoo mdogo. Maji yake ni ya milimani, na mlima wenyewe ni Rungwe, volkano iliyolala kwenye kimo kinachokaribia mita 3,000, katika wilaya ambayo sehemu zake nyingi hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yanaposhuka kwa mserereko, hayahitaji pampu wala luku. Kila mita kumi za mteremko huongeza msukumo wa kama kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, na mzigo wote huo unaishia kwenye washa, kipande cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Waliokuwa wakiilaumu koki hawakujua inapambana na nani. Usiku, mji ukilala na koki nyingine zikifungwa, msukumo hupanda, nayo ilikuwa ikiongeza mwendo, ti, ti, ti, kana kwamba inatuhesabia kodi ya mwezi.

Hata jamaa zake wa mbali wana majina. Mwaka 97 baada ya Kristo, Frontinus alipokabidhiwa usimamizi wa maji ya mji wa Roma, alikuta mifereji inavuja na watu wametoboa mabomba kujiunganishia kwa siri, akaandika kitabu kizima juu ya mambo hayo. Kwetu Tanzania EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji, huandika kila mwaka: ripoti zake zina safu ya maji yanayopotea, na kwa miaka mingi safu hiyo imekuwa ikizunguka theluthi moja ya maji yanayozalishwa mijini. Koki yetu haikuwamo humo. Yenyewe ilivuja baada ya mita, kwa hiyo kila tone lilikuwa limelipiwa. Ni wangapi kati ya wanaovujisha mali za umma wanaoweza kusema hivyo?

Nije kwenye faida. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukihesabu matone ishirini kwa mililita, hizo ni lita nne na ushee, na ndoo ya lita 20 inajaa kabla siku ya tano haijaisha. Haba na haba hujaza kibaba, ila wahenga hawakusema bili ya kibaba atalipa nani. Swali hilo ndilo lililotufanya tuwe kitu kimoja. Bili ilipokuja tulikutana uani, tukakumbushana nani hufua mablanketi Jumamosi, nani ana wageni wasioondoka, na kama mtoto mchanga ni kichwa kamili au nusu. Mpangaji wa chumba cha pembeni, ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake, siku hiyo alitoa hotuba. Vyama vina katiba na bado havikutani. Sisi tulikuwa na koki tu, na mahudhurio yalikuwa kamili.

Tena ilikuwa na huruma kwa viumbe. Bata wa mwenye nyumba walioga kwake. Magimbi yaliota chini yake bila kupandwa na mtu, majani mapana ya kumfunika mtoto, na mama mmoja wa nyumba ya nyuma aliyachimba kwa haki aliyojipa mwenyewe. Wapo waliosema uani pameota kuvumaria, panateleza, na mbu wamepata makazi. Yote kweli. Lakini aliyepita pale alijifunza kutazama anapokanyaga, na hilo ni somo la maisha.

Sifa yake kuu ilionekana wakati wa maandalizi ya ukaguzi. Kampeni za afya zimetupitia kizazi hadi kizazi. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwachimbisha wazee vyoo, na Nyumba ni Choo ikatujia kwa sauti ya Mrisho Mpoto. Tunajua basi bwana afya hutazama nini: choo kinachooshika sakafu, maji ya kunawa, chemba zenye mifuniko, maji machafu yasiyotiririka ovyo. Tunajua pia kwamba Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa nguvu ya kuingia na kuamuru kero iondolewe. Kwa hiyo nyumba nzima ilijitia upya. Milango ikapakwa rangi mpaka kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Kikatundikwa kibuyu chirizi chenye sabuni mpya, ikakatazwa kuitumia. Chemba iliyokuwa wazi tangu nihamie ikapata mfuniko wa kuazima. Matairi yaliyojaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu yalihamia kwa jirani, ambaye hakuwa anaomba leseni.

Koki ndiyo pekee iliyokataa kuigiza. Aliitwa fundi bomba. Akafunga maji kwenye mita, akafungua kichwa kwa spana malaya, akachomoa washa. Ilikuwa imeliwa upande mmoja, na katikati imechimbika duara la midomo ya bomba. "Hii koki imechoka mama, tununue nyingine," alisema. Mama mwenye nyumba akamwuliza kama yeye ndiye atakayeinunua. Fundi hakubishana. Aliokota ndala kuukuu pembeni, akakata kiduara kwa wembe, akakipachika, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba, akakaza. Koki ikanyamaza kwa muda wa kumtosha kupokea hela yake na kufika barabarani. Kisha ikaanza tena. Usiku wa kuamkia ukaguzi mama mwenyewe alikuja na kipande cha kanga, akakifunga mdomoni mwa koki ili maji yashuke kimyakimya kwenye beseni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana afya alipokelewa kwa soda, akapitishwa vyumba vya mbele, akaonyeshwa rangi, mashuka na kibuyu chirizi. Aliridhika na kila alichoonyeshwa. Mwishoni akaomba maji ya kunawa mikono, na katika nyumba yetu maji yako sehemu moja. Uani akakuta beseni limefurika. Akafuata maji yanakokwenda. Yakampeleka kwenye karo lililopasuka, yakampeleka kwenye chemba, ambayo mfuniko wake ulicheza alipoukanyaga kwa sababu si wa pale, yakampeleka nyuma ya choo tunachotumia familia zote, na mwisho yakampeleka kwenye mtaro, wa kwetu na wa jirani mwenye matairi. Hakuna mpangaji aliyefungua mdomo. Sisi tunaomba chumba, hatuwezi kumchongea anayetupa.

Aliandika orodha: koki mpya, karo la zege, shimo la kunyonya maji ya kufulia, mifuniko yetu wenyewe, na tundu la pili la choo. Vyote hivyo tulishaviomba, kwanza kwa upole, kisha kupitia wazee, na jibu likawa kwamba asiyeridhika vyumba viko vingi mjini. Safari hii vilikamilika haraka, maana vilikuwa vimesimama kati ya mama na leseni. Wageni wa usiku mmoja, ambao hatujawaona bado, wametupatia ambacho kodi yetu ya miaka haikuweza kununua. Nao wasingetupatia chochote kama koki ingekubali kunyamaza siku moja tu.

Nawasihi wapangaji wenzangu, kuanzia hapa Tukuyu hadi Kiwira, Ushirika na Katumba: msiwe wepesi wa kuzibana koki zenu kwa mipira na vitambaa. Mpangaji akilalamika anaonyeshwa mlango. Koki haina mkataba, haidaiwi kodi, na haijawahi kuhamishwa kwa sababu ya maneno yake.

Nayo haikufa bila mrithi. Kwenye choo kipya, elbo iliyo karibu na ukuta imeshaanza kutoa jasho. Hatujamwambia mama. Leseni ya biashara hukatwa upya kila mwaka, na dari za vyumba vyetu bado zinangoja zamu yao.