Sifa za Kipanya cha Dizeli

Kila chombo kimepata wa kukisifu, hata gari la umeme linasifiwa na watu ambao hawajawahi kulipanda. Kipanya cha dizeli hakijapata mtu. Nasema ile HiAce kuukuu ya umbo lililotoka Japani mwaka 1989, injini ya 2L au 3L chini ya kiti cha mbele, abiria wameshonana mpaka konda kabaki mguu mmoja nje. Trafiki anakisimamisha, majirani wanakilaani, na mwenye nacho anakiita majina yasiyoandikika gazetini. Huko ni kukionea. Katika vyote vinavyopita barabarani kwetu, kipanya hiki ndicho kisichojua kusema uongo, na kwenye biashara ya magari ukweli ni bidhaa adimu kuliko spea halisi.

Tuanze na moshi, maana ndio unaolalamikiwa zaidi. Kipanya kikitoa moshi mweusi, kinasema mafuta yamezidi hewa: filta imeziba, au nozo zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Ukiwa wa buluu, kinaunguza oili, na hapo ringi au sili za valvu zimechoka. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, ama maji yanapenya kwenye gasketi ya hedi. Mgonjwa gani hospitalini anajieleza hivyo kabla hajaulizwa? Na akiulizwa anajibu. Fundi ananyanyua kiti, anashika spana namba 17, injini ikiwa sailensa analegeza nati za mabomba ya nozo moja baada ya nyingine. Akilegeza moja mngurumo ukayumba, silinda hiyo ni nzima. Akilegeza nyingine injini isijali, mgonjwa ndiye huyo. Kisha anafungua mfuniko wa oili, anaupindua na kuuweka juu ya tundu lake. Ukitulia, heri. Ukirukaruka na kuangukia chini ya gari, pumzi inapita kwenye ringi, na mwenye gari aanze kuuza mbuzi.

Ukweli huu umo katika maumbile yake. Injini ambayo Rudolf Diesel aliifikisha kwenye majaribio yaliyofaulu mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani, haina plagi ya kuwasha moto. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe ipate joto la kuwasha mafuta. 2L inaibana zaidi ya mara 20, wakati injini ya petroli hutosheka na kama mara 10. Wala haichagui sana chakula: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ila ikikosa mbano haiwaki, na hakuna maneno ya kuibembeleza. Sasa ilinganishe na ndugu zake wasomi. Mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen ilitia kwenye magari yake ya dizeli programu inayotambua kuwa gari liko kwenye vipimo, likabana sumu kwa muda huo, kisha likirudi barabarani likaendelea na yake. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu hiyo. Kipanya chetu hakina kompyuta ya kukifundisha tabia hizo. Kinachafua mbele ya mkaguzi kama kinavyochafua nyuma yake.

Watasema moshi unaua. Ni kweli: Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na hata injini iliyotunzwa haitoi marashi. Lakini ule mweusi wa kufunika kituo kizima nani kauagiza? Ni dereva aliyemwambia fundi afungulie dizeli kwenye pampu ili kilima kisimsumbue, na tajiri anayeona filta ni anasa. Mshtakiwa anayekiri kosa hupunguziwa adhabu; hiki kinakiri kila kikikanyagwa mafuta. Wengine watasema matengenezo yake hayaishi. Hayaishi, ila yanajulikana kwa majina na kila jina lina duka, Gerezani pale Kariakoo au Grogan kule Nairobi. Ringi, bering, seti ya gasketi, hedi ikasawazishwe kwa mashine, valvu zisagwe, na injini inarudi kazini. Dizeli za kisasa zikiharibika nozo zake za umeme, kwanza unalipia kompyuta ikuambie ugonjwa, halafu unatajiwa bei ya dawa ukiwa umeketi. Kuhusu abiria wanaoshushwa wasukume, madaktari wanasisitiza mazoezi.

Uongo unaosemwa kuhusu kipanya ni wa wanadamu. Siku ya kuuza, bodi iliyooza inajazwa puti na kupigwa rangi mpya. Oili nzito inamiminwa ili moshi wa buluu ujifiche hadi pesa zipokewe. Injini inawashwa alfajiri, mnunuzi akija saa tatu aikute moto na aone inavyodaka kwa mara moja, asijue kuwa hita za kuwashia zimekufa. Anayeijua biashara hugusa injini kwanza, na akiikuta ya moto anaomba kurudi kesho bila kutaja saa. Hata mkanda wa taimingi, ambao ukikatika valvu hukutana na pistoni, kipanya kimeutengea taa yake kwenye dashibodi: zikifika kilomita 100,000 inawaka na kudai mkanda mpya. Basi muuzaji mjanja anachomoa balbu. Unapowasha swichi, taa za dashibodi huwaka zote kwa muda mfupi kabla injini haijanguruma. Ihesabu ile iliyoandikwa T-BELT, na kama haimo, bei ianze kushuka hapo hapo.